Mamasoli na Blanketi la Majani

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mamasoli alipewa jembe siku ya tatu baada ya harusi yake, na kwa miaka thelathini na minne tangu hapo amekuwa akitafuta mahali pa kulitua.

Usimwonee huruma bado. Alioa Gulbuloq, mtaa wa makomamanga upande wa mji wa Quva, kwa Mzee Tojimat aliyekuwa na binti mmoja na hakujaliwa mtoto wa kiume. Basi badala ya bwana harusi kumchukua mke kwao, mke ndiye aliyemchukua bwana harusi kwao. Mamasoli aliingia na sanduku la mbao, godoro na mdomo. Sanduku lililiwa na wadudu, godoro likachakaa. Mdomo upo mpaka leo, mzima, hauna hata ufa.

Mwanamume anayeishi kwa baba mkwe, Gulbuloq, ni kama paka wa jirani: hafukuzwi, ila haulizwi kitu. Mamasoli alifanya kazi ya kutunza stoo ya shamba la ushirika, kazi ya kukaa kwenye kigoda na kuwaambia watu kwamba misumari imekwisha, na jioni akirudi alilima bustani ya mkwewe, mikomamanga ishirini na miwili iliyopandwa kwa mistari. Mzee Tojimat alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, Mungu amrehemu, lakini bustani haikupata habari. Hadi leo ni bustani ya Tojimat. Mgawa maji akipita kwenye mfereji huita, "Kwa Tojimat, zamu yenu." Wanunuzi wa matunda wakija na malori yao huulizana, "Kwa Tojimat wameshachuma?" Na Mamasoli mwenyewe, mzee wa miaka sitini na moja, ndevu nyeupe, wajukuu watatu, mtaa mzima unamwita mkwe. Mkwe wa nani? Wa marehemu.

Hilo ndilo lililomla. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kubebwa kwenda makaburini: asikie mtu akisema bustani ya Mamasoli.

Mtu mwenye akili angemwachia Mungu. Mamasoli alikuwa na mipango. Kwanza alifuga sungura, wakachimba chini ya ukuta wakahamia kwa jirani yake Nishonboy, ambaye aliwapokea vizuri, akawapika na wali. Halafu akapaka chokaa mashina ya miti, juu kuliko mtu yeyote mtaani, mpaka watu wakaingia kuuliza kama kuna msiba. Halafu, mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, likamjia hili la majani.

Mkomamanga wa huku hauwezi baridi. Ikifika Novemba, kabla ardhi haijawa jiwe, kila kichaka hulazwa chini kama mgonjwa, matawi yakafungwa kamba, yakafunikwa mabua, kisha yakazikwa kwa udongo hadi paonekane kama kaburi la mtu mnene. Katikati ya Machi hufukuliwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana hakuna anayeifanya peke yake. Mtaa huenda kwa ujima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye bustani hupika pilau. Ukiingia bustani za wenzako, nao wataingia yako. Usipoingia, zika na mkeo. Mzee Tojimat ndiye aliyekuwa akipanga zamu hizo enzi zake, na mpaka leo zinaitwa zamu za Tojimat. Yaani hata kuzika kwenyewe kulikuwa kwake.

Siku moja Mamasoli alikuwa akikusanya majani uani kwa reki. Akainua fungu la juma lililopita, akakuta udongo chini yake laini, una joto, mnyoo unajinyoosha kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasimama. Akili yake ikawaka kama kiberiti kilicholowa, moshi mwingi na moto kidogo.

Mchana huo, wakila, akamwambia mkewe Hosiyat, "Mama Zulhumor, mlimani nani anazika msitu?"

"Sijui. Nani?"

"Hakuna. Majani yanaanguka, yanaufunika, theluji inakaa juu yake, basi. Na msitu una miaka mingapi?"

"Baba Zulhumor, kama una jambo, liseme kabla supu haijapoa."

"Mwaka huu hatuziki. Tunafunika."

Hosiyat akaweka kijiko chini. "Kwa kitu gani?"

"Kwa majani. Majani matupu. Hakuna jembe, hakuna ujima, hakuna kuwalisha pilau walafi wale. Watu watatoka Quva waje kujifunza."

"Baba alikuwa anazika."

Hapo ndipo alipokosea, mama wa watu. Angetaja panya, angetaja mvua, angetaja hata pilau, labda Mamasoli angefikiri mara mbili. Kutaja baba ilikuwa ni kupigilia msumari. Alipanguza sharubu, akatoka, akaenda kutafuta toroli.

Wiki mbili nzima toroli ile ililia mtaani kama punda mwenye njaa. Kuchoma majani kumepigwa marufuku, faini yake inauma, na kila nyumba inatakiwa ichimbe shimo yaozee humo yawe mbolea. Kuchimba shimo nani anapenda? Kwa hiyo watu walimfungulia Mamasoli mageti kwa furaha. Chukua, mkwe, chukua yote, ukitaka chukua na vumbi. Akabeba ya miforosadi kando ya mfereji, akabeba ya uwanja wa shule, akamalizia barabara ya msikitini, chini ya mijozi mikubwa ile ambayo kokwa zake hupasuliwa kwa jiwe. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa hajui lile lundo la barabara ya msikitini alipeleke wapi, akampiga picha akiwa ameshika reki, akaibandika kwenye ubao nje ya ofisi: Raia Mtunza Mazingira. Mamasoli akawa anapitia njia ya ofisini hata akiwa anaenda chooni.

Bibi Risolat, ambaye hukaa kwenye benchi mbele ya geti lake tangu asubuhi na anajua ya kila mtu, alimsimamisha.

"Mkwe, majani yetu unayapeleka wapi?"

"Kazini, bibi."

"Yamepata kazi? Afadhali yao."

"Yatalinda mikomamanga. Mlimani hakuna anayezika msitu."

"Mlimani hakuna anayesubiri komamanga." Bibi Risolat akavuta shali yake. "Marehemu mkweo angekuona."

"Ndiyo, angeniona," alisema Mamasoli, akasukuma toroli kwa nguvu hadi gurudumu likapanda ukingo wa barabara na nusu ya mzigo ikamwagika. Alizoa tena, yeye na vumbi lake, bibi akimhesabia.

Jioni hiyo alipomwaga mzigo bustanini, kitu kikagonga ubavu wa toroli. Hosiyat akainama, akaokota kokwa ya jozi, ya pili, ya tatu. Msimu ule mijozi ilikuwa imezaa sana, na zile ambazo watu hawakuziona zilikuwa zimelala chini ya majani.

"Haya yamejaa kokwa. Yachambue kwanza."

"Nichambue jani moja moja mpaka Kiyama?"

"Kokwa ni chakula, Baba Zulhumor."

"Kokwa ni uzito. Zitazuia upepo usipeperushe. Kila kitu kina faida yake ukiwa na akili ya kuona." Hosiyat akajaza aproni yake zile alizoziona, akaenda zake ndani. Zilizobaki hakuna aliyezijua idadi ila Mungu na wale waliokuja kuzila.

Siku ya ujima wa kwanza ilipofika, Nishonboy alisimama getini na jembe begani. Huyu Nishonboy ni mtu mnene, mtani, amekua na Hosiyat mtaa mmoja, na kwa hiyo humwita Mamasoli shemeji, kwa sauti ambayo ukiisikia unajua umeshachekwa.

"Shemeji, tunaanza kwangu. Njoo na jembe."

"Mwaka huu siji. Na kwangu msije."

"Mgongo?"

"Akili."

"Aa. Pole sana. Hata baba yangu ilimwanza hivyo hivyo."

Mamasoli alifunga geti. Alilaza vichaka vyake ishirini na viwili peke yake, akavifunga kamba, akavirundikia majani hadi kiunoni, akatupia vyandarua vya zamani juu na mawe pembeni. Udongo hakuweka hata koleo moja. Ilimchukua siku tatu, wakati wenzake walikuwa wakihema na majembe yao ukuta kwa ukuta. Alikaa juu ya kitanda cha uani na birika lake, akawasikia wakiguna, akajimiminia chai ya kijani polepole ili kila tone lisikike.

Na useme ukweli, mafungu yalipendeza. Theluji ya kwanza ilipoanguka yakawa kama mikate ishirini na miwili iliyoumuka. Mamasoli aliwaongoza watu kuitazama bustani kupitia juu ya ukuta, hata wale ambao hawakuuliza. Alimweleza mgawa maji. Alimweleza muuza mkate. Alimweleza daktari wa meno huko Quva akiwa na pamba mdomoni. Kila mmoja alielezwa habari ya msitu wa mlimani, na kila mmoja alisema, enhe.

Januari ikaja baridi ya kweli, ile ya kugandisha kamba ya nguo ikawa fimbo. Hosiyat alikuwa akitoka kumwaga majivu akasimama karibu na mstari wa ukutani.

"Njoo uone," akamwita. "Kuna matundu."

Kulikuwa na matundu kweli, kwenye theluji juu ya mafungu, madogo, ya mviringo, ukubwa wa kidole gumba. Mvuke mwembamba ulikuwa ukitoka.

"Majani yanapumua," alisema Mamasoli.

"Yanapumua."

"Ndiyo dalili kwamba kuna joto ndani. Kaburi la udongo lina mvuke? Nenda kwa Nishonboy ukaangalie kama lina mvuke."

"Na hizi nyayo?"

Mamasoli alitazama nyayo. Zilikuwa nyuzi nyembamba zilizotoka tundu moja kwenda jingine, kama mshono wa cherahani. "Ndege," alisema.

"Ndege gani anayeburuta mkia?"

"Mama Zulhumor, ukifunua sasa baridi itaingia na kazi yote imekwisha. Unataka hivyo? Watu wacheke?" Hosiyat alimwangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaingia ndani na ndoo yake.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla mkewe hajaamka, Mamasoli alitoka peke yake. Aliinama juu ya fungu la kwanza, sikio moja nje ya kofia. Akasikia. Ndani kabisa, chini ya theluji na vyandarua na majani, kitu kilikuwa kikikwaruza. Kra, kra, kra. Kinanyamaza, kinaanza tena. Ni sauti ya jino kwenye ganda gumu, na mtu yeyote mwenye akili ya kuku angeijua. Mamasoli aliijua pia. Alisimama pale mpaka sikio likafa ganzi. Angeweza kufunua siku ile. Angeokoa nusu ya bustani, pengine zaidi. Lakini kufunua maana yake ni kuchukua jembe katikati ya Januari, mtaa mzima ukitazama, na kuzika. Kama Tojimat.

Akajiambia ni barafu inapasuka. Akarudi kitandani.

Hilo ndilo la kumcheka Mamasoli. Kukosea kila mtu hukosea. Yeye alisikia kwa sikio lake mwenyewe, akaliambia sikio linyamaze.

Katikati ya Machi udongo ulilainika, na ujima ukaanza kufukua. Kwa Nishonboy matawi yalitoka yamekunjamana lakini mazima, gome la hudhurungi, ukilikwaruza chini yake kijani kibichi. Walipomaliza, hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu kumi na wawili hivi walizunguka ukuta wakaingia kwa Mamasoli bila kualikwa, mikono nyuma. Bibi Risolat aliletewa kiti.

"Tumekuja bila majembe, shemeji," Nishonboy alisema. "Kwako si reki inatosha?"

"Inatosha," alisema Mamasoli. Na angeweza bado kusema kesho, angeweza kusema mgongo. Lakini kumi na wawili ni watazamaji wengi, na mdomo wake haujawahi kuwaachia watazamaji waende hivi hivi. "Tazameni. Mtakuja kuwasimulia wajukuu."

Akavuta chandarua. Akatia reki kwenye fungu la kwanza, akakokota. Majani ya juu yalikuwa makavu, yalitoka kwa sauti nzuri. Ya katikati yalikuwa yamekatwakatwa kama tumbaku. Kisha reki ikakokota maganda, maganda ya kokwa za jozi, nusu nusu, kila moja imetobolewa kwa ustadi, rundo zima kama nje ya duka. Na kutoka humo akatoka panya mmoja mnene mwenye manyoya ya kung'aa, akasimama juu ya kiatu cha Nishonboy, akatazama huku na huku kama mwenye nyumba anayeuliza nyinyi ni akina nani, akaondoka bila haraka.

Chini ya maganda kulikuwa na mkomamanga. Kila tawi lilikuwa limemenywa gome kutoka chini hadi kwenye goti, pande zote, likawa jeupe na laini kama mfupa uliotolewa kwenye supu.

Watu wakasogea karibu.

"Walikula kokwa kwanza," Bibi Risolat alisema akiwa kitini. "Zilipokwisha wakala nyumba."

"Panya hawa ni wa kwako," Mamasoli alimwambia Nishonboy. "Mmefukia udongo huko, wakakosa pa kukaa, wakaja kwangu."

"Kweli, shemeji. Kwangu hawakupata malazi. Wala chakula."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, na ukawa umefunguka mlango. Wakauliza kama panya walilipa. Wakauliza kama picha pale ofisini ibadilishwe wawekwe wao, maana ndio waliotunza mazingira. Wakauliza msitu wa mlimani nani huwapelekea kokwa. Mamasoli alikuwa akiendelea kukokota, fungu la pili, la tatu, kila moja na maganda yake na mifupa yake, kana kwamba akifika la ishirini na mbili atakuta jambo tofauti.

Hosiyat hakucheka. Alipita nyuma yake kichaka kwa kichaka, akikwaruza matawi kwa ukucha wa kidole gumba, juu, chini, juu tena, akitafuta kijani. Alipofika mwisho wa mstari wa ukutani alisimama, akapangusa ukucha kwenye gauni.

"Lete msumeno," alisema.

"Labda tungoje. Labda yatachipua juu."

"Juu ya nini? Gome limeliwa, maji hayapandi. Lete msumeno. Mzizi uko hai. Tukikata hadi chini vitachipua."

"Lini vitazaa?"

"Mwaka wa tatu. Wa nne." Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka thelathini na minne, na akalisema mbele ya watu, taratibu, kama anayeuliza bei ya vitunguu. "Ungetaka iwe yako, ungeniambia. Ningekwenda ofisini tukaandikisha jina lako. Nilidhani unajua ni yako."

Mamasoli aliitua reki. Akaenda kuleta msumeno, na Nishonboy, ambaye ana mdomo lakini si mbaya, akamfuata kuleta wa kwake. Wakakata wote kumi na wawili hadi jua likaegemea, na kazi ilipokwisha Hosiyat akapika pilau, maana watu wamefanya kazi, na Mamasoli akawagawia walafi wale kwa mkono wake mwenyewe, mafungu makubwa.

Majani yalitiwa kwenye shimo. Hosiyat alilichimba mwenyewe na hakumwomba msaada. Yakioza yatakwenda kwenye vitunguu na maboga, ambako yangekwenda tangu mwanzo kama mtu angekuwa mvivu wa kawaida tu, si mvivu mwenye mawazo.

Septemba, makomamanga yalipoanza kupasuka kwenye bustani za watu, lori lilisimama mbele ya benchi la Bibi Risolat. Dereva, mgeni kutoka Tashkent, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, samahani. Natafuta bustani ya Tojimat. Nimeambiwa ina matunda bora mtaa huu."

Mamasoli alikuwa nyuma ya ukuta, amepiga magoti akipalilia machipukizi yake, marefu kama mkono. Akasikia kila neno.

"Bustani ya Tojimat haipo tena," Bibi Risolat alisema. "Pale pana bustani ya Mamasoli."

"Na huyo Mamasoli ana komamanga?"

"Hana hata moja. Nenda mbele kwa Nishonboy."

Lori likaondoka. Mamasoli aliinuka polepole, mkono kwenye kiuno. Alisimama katikati ya mistari yake ya vijiti, akatazama upande wa barabara, na hakuna aliyejua kama alitaka kutoka nje au kujificha. Kwa mara ya kwanza tangu aingie Gulbuloq na sanduku lake, mtu alikuwa ameitaja bustani kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya mgeni.

"Umesikia?" Hosiyat aliuliza kutoka upande wa mfereji, bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Haya basi, mwenye bustani. Maji yamefika. Fungua lango la mfereji kabla Nishonboy hajayageuzia kwake."

Akaenda kufungua.